Ulimi wa Edvina

Mwalimu Mwijage hakumpiga mkewe hata siku moja, na watu wa Kimwani mpaka leo wanamsifu kwa hilo. Mimi simsifu. Namjua huyo mke, Felicitas, kwa miaka kumi na minane; ni mpangaji mwenzangu hapa Kashai, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Alifukuzwa kwake kwa chaki, na nitaeleza ilivyokuwa.

Alizaliwa Maruku, kwenye familia ya Kikatoliki yenye kahawa kidogo na watoto wengi. Akamaliza darasa la saba, akaolewa na mwalimu wa Biolojia wa sekondari, kule Kimwani, Muleba. Kwao wakaona wamepata: mkwe wa suruali iliyonyooshwa, anayeongea Kiingereza na padri! Alipozaliwa Edvina, mwalimu alichinja mbuzi, na kwa miaka sita hapakuwa na neno.

Kila mwaka akifika mada ya urithi, mwalimu alikuwa na mchezo wake darasani. Wanafunzi watoe ulimi nje na kuukunja, kingo mbili zikutane kama mrija. Wanaoweza wasimame kulia, wasioweza kushoto. Kisha anaandika ubaoni T kubwa na t ndogo, na kutangaza kwamba kukunja ulimi ni sifa inayotawala, kwa hiyo wazazi wawili wasioweza hawawezi kamwe kumzaa anayeweza. Yeye mwenyewe hakuweza. Felicitas naye hakuweza. Walijaribu pamoja siku za mwanzo za ndoa, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Siku moja wakila mchana, Edvina akaukunja ulimi ili anyonye mchuzi wa maharage. Mtoto wa miaka sita, anacheza na chakula. Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Hebu rudia."

Akarudia, amefurahi kwamba Tata, kama alivyomwita baba yake, anamtazama.

"Tena."

Alirudia mara nne.

Jumapili iliyofuata ukoo uliitwa. Mwalimu aligeuza kalenda ya parokia, akachora nyuma yake miraba na zile herufi zake, akaibandika ukutani. Wazee walikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyejua herufi zile zinasema nini, lakini wote walitikisa vichwa kukubali, maana nani anataka kuonekana mjinga mbele ya msomi? Edvina akaitwa katikati, akaambiwa atoe ulimi. Alidhani anasifiwa, maskini, akauonyesha kila upande.

Felicitas akapiga magoti, akawasihi. "Waitu, simjui mwanaume mwingine."

Mzee Kahangwa, baba mdogo wa mwalimu, akamwuliza kwa upole, "Mama, unataka kusema vitabu vinaongopa?"

Wa darasa la saba angejibu nini? Padri alikuwa ameshauri damu ikapimwe, mwalimu akakataa. "Nipime nini," alisema, "na ubao umeshasema?" Ikaletwa rubisi, pombe ya ndizi, wazee wakaipokezana katika kibuyu kimoja, na kwa ukoo ule neno likishanywewa limefungwa, halifukuliwi. Mtoto akatolewa katika ukoo. Mama akapewa muda wa kukusanya nguo.

Kule Maruku baba yake alimpokea kwa wiki mbili, kisha akamwambia kaka zake wanataka kuoa na nyumba ni ndogo. Ndivyo alivyofika Kashai. Akaanza kupika ndizi na maharage kwa vijana wa bodaboda, na kwa jasho hilo akamsomesha mtoto aliyeitwa shuleni kwa jina la babu wa upande wa mama. Likizo zikifika wenzake wanakwenda kwa baba zao. Edvina anabaki kumenya ndizi.

Akatokea Datius, fundi cherehani, mtu mpole kabisa, akataka kumwoa. Alimngoja miaka mitatu. Felicitas akakataa. "Nikiolewa, Kimwani watasema, si mnaona? Nitakaa hivihivi mpaka yule mtu aseme mbele ya ukoo kwamba Edvina ni wake." Hakutaka shamba wala mbuzi, alitaka sentensi moja tu. Nilimwita mjinga, tukanuniana mwezi mzima. Datius akachoka, akaoa kwingine.

Mwaka jana Edvina, akiwa chuo cha uuguzi, alirudi mbio siku ya Jumatano, bado amevaa sare. Mkufunzi alikuwa amewaambia kwamba ule mfano wa ulimi ni uongo wa zamani. Si jambo la jeni moja. Pacha waliotoka yai moja wamepimwa, huyu anakunja, yule hawezi. Wengine hujifunza tu kwa mazoezi. Wazazi wasioweza huzaa watoto wanaoweza kila siku, na hakuna aliyezini. Felicitas aliketi juu ya ndoo, akamwambia arudie, akamwambia arudie tena. Jumamosi tulikuwa Kimwani, mimi nimechukuliwa kama shahidi.

Mwalimu amestaafu. Tulimkuta barazani na vijana wake wawili, na Hellen, mke aliyemwoa baadaye, akatuletea viti. Edvina akaeleza yote, kwa adabu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Tulielezwa kwenye semina mwaka 2012. Niliacha kuufundisha mfano huo mwaka uleule. Mwalimu hapaswi kuwapotosha wanafunzi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka kumi na miwili!

"Basi ita ukoo," Felicitas akasema. "Uwaambie hivyo hivyo ulivyotuambia."

"Mama Edvina, neno lile lilishanywewa. Kibanja chote, migomba na kahawa, nimeshawagawia hawa vijana. Unataka nichekwe uzeeni?"

Nilimtukana. Sirudii maneno yenyewe, ila siyajutii.  Felicitas alinigeukia mimi, akaniuliza Datius alifunga ndoa mwaka gani. Ilikuwa 2013, nilicheza ngoma kwenye harusi ile. Nikamwambia sikumbuki.

Tuliposimama kuondoka, mwalimu alimwangalia Edvina kwa mara ya kwanza.

"Kwani wewe unasomea uuguzi? Hellen, lete ile mashine. Nipime presha kabla hamjaenda, hawa hawajui kuisoma."

Nilimshika Edvina mkono. Akautoa taratibu. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamfunga mpira, akasubiri namba zitulie.

"Mia moja na ishirini kwa themanini, Tata," akasema. "Uko vizuri."

Akabaki pale chini, akimtazama usoni, anangoja.

"Asante, nesi," mwalimu akasema, akashusha mkono wa shati.