Mamba Haombi Pardon

Nyinyi vijana mutakaosoma hii, mukae vizuri kwanza. Kama munaisoma mu telefone, muikamate na mikono mbili sawa kitabu ya nyimbo za kanisa, na muache kuisukuma-sukuma na kidole. Mimi shule nilipita kidogo tu, kule ngambo ya Congo, mbele vita haijatuleta hapa Nchelenge, ngambo hii ya ziwa. Lakini hii niliona na macho yangu, na nataka muijue vile ilikuwa.

Siye ni batu ya ukoo ya Samaki. Batani yetu ni batu ya ukoo ya Mamba. Mamba anakula samaki, hata mutoto anajua, na ndiyo maana kati yetu hakuna heshima. Samaki akikutana na Mamba anamutukana, Mamba anarudisha, na hakuna wa kukasirika. Kilio ikiwa kwetu, bao ba Mamba ndiyo banachimba kaburi, banatuibia kuku, banatuchekesha mbele ya maiti. Bila bao hatuwezi kuzika.

Bwana ya mudogo yangu alipokufa, mutani mumoja, Mamba wa kisiwa ya Kilwa, hii ya mu ziwa yetu, ndiye alimufunga mudogo yangu kamba nyeusi ya matanga ku mukono. Mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua. Mujane mwenye kamba hashuki ku ziwa, hagusi samaki ya batu, hauzi. Na mudogo yangu kazi yake ni ile tu: kununua chisense, hizi samaki ndogo, ku mitumbwi, kukausha, kuuza. Wakati ule serikali ilikuwa imefunga ziwa samaki zizae. Ziwa ilikaribia kufunguliwa, na kamba ilikuwa ingali pale. Kama ziwa ingefunguliwa akiwa amekaa mu nyumba, banamuke bengine bangekamata nafasi yake ku mucanga, na bavuvi bangemusahau. Alikuwa anakaa mulangoni, anaikunja-kunja ile kamba na kidole, hasemi neno.

Nilituma katekista mumoja aliyekuwa anaenda Kilwa. Nilimupa ujumbe namna tunaita Mamba: matusi. Katekista alikubali na kichwa, lakini kule kisiwani aliona haya, akageuza matusi yangu kuwa salamu. Eti, "Mama anakusalimia sana mu jina ya Bwana, anaomba ufike kama una nafasi." Mamba akakasirika kabisa. Akajibu, "Kama bananiita sawa mugeni, basi mimi ni mugeni. Siji."

Kumupigia? Telefone yake ilianguka mu maji na ikapoteza sauti. Iliita, yeye hasikii. Ilibaki ya kuandika tu, na ujumbe ya kawaida hafungui. Mukamwana yangu, muke wa mutoto yangu wa kwanza, akaniambia, "Mama, yule mutu iko kila siku mu ile uwanja kubwa ya mazungumzo ya mu telefone. Banabishana juu ya mupira na juu ya namna ya kupika bukari, ugali yetu. Pale atatuona."

Ile uwanja muiogope. Batu ya dunia yote biko mule, hakuna anayemujua mwenzake, na kila mumoja anatoa hukumu. Ukisema neno, banakupa mushale ya kwenda juu ao mushale ya kwenda chini. Ya juu ikiwa mingi unapata maksi, sawa mu shule. Yule Mamba alikuwa na maksi mingi sana, na alijivuna nayo kuliko mutumbwi yake.

Nikamuambia mukamwana, "Andika."

"Niandike nini, Mama?"

"Andika: We Mamba, tumbo sawa gunia ya mihogo iliyolowa. Unalala ku mucanga mudomo wazi, nzi zinakusafisha meno. Ulikula bandugu yangu na haukushiba. Njoo ukate kamba, mwizi wa kuku!"

Munajua heshima ya mukamwana na mama-mukwe. Haya ilimukamata mutoto wa batu. Aliandika ameangalia ukuta. Ku "mwizi wa kuku" alifunika uso na kitambaa na kuandika kwa kupapasa.

Ikakaa kidogo tu, ikafutwa. Mashini ikasema tumevunja amani ya uwanja. Na mishale ya chini ilikuwa imeanguka juu yetu sawa mvua. Tukawa na maksi chini ya hakuna. Mimi nilidhani hakuna ndiyo mwisho. Kumbe kule kuna chumba ingine chini yake. Na mutu wa kule chini haruhusiwi kusema mbio; anangoja.

Tukangoja, tukatukana tena. Mara hii Mamba aliona. Furaha yake! Akajibu saa ileile: "We chisense, samaki ya kupimwa na kikombe! Sasa ndiyo umeniita. Nakuja. Nitakumeza na mifupa yako, na mudogo yako nitamufanya mboga!"

Mudogo yangu kusomewa hii, alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu kilio. Akasema, "Anakuja."

Hakuja. Batu ya uwanja ndiyo balikuja. Mumoja aliandika, "Mama, uko mahali pa usalama?" Mwingine, "Usimufungulie mulango." Mwingine wa inchi ya mbali kabisa aliuliza kama nina ndugu anaweza kunificha. Nikajibu, "Mimi ndiye namutafuta aje kunimeza!" Bakaandika kwamba niko na woga mingi mpaka akili imegeuka. Mulinzi wa uwanja akatufungia siye wawili, mimi juu ya matusi, Mamba juu ya kutisha kula mutu. Na yeye akabaki kisiwani, analilia maksi yake.

Tukaandika kulalamika. Mashini ikajibu, "Asante kwa kutusaidia kulinda heshima." Tukaandika tena, nikaeleza kilio, kamba, Samaki, Mamba. Mashini ikajibu, "Asante kwa kutusaidia kulinda heshima." Nikasema, hii ni kasuku.

Mwisho mulinzi mwenyewe, mutu wa kweli, alijibu. Na maneno mazuri, laini. Eti njia iko moja: Mamba aombe pardon mbele ya batu yote, na mimi niipokee kwa kufinya roho ndogo nyekundu, ile picha ya moyo ku telefone.

Nikaacha nguo nilizokuwa nafua. Mamba kumuomba Samaki pardon! Siku Mamba anaomba pardon, utani umekufa. Anakuwa mutu bure, na mutu bure hawezi kukata kamba ya matanga. Nikasema, "Hawezi kufanya hii. Bababu yake batamutokea kutoka mu kaburi."

Alifanya. Juu ya zile maksi. Mukamwana alinisomea polepole: "Naomba pardon kwa Mama kwa maneno yangu mabaya. Sitarudilia." Batu bakamupa mishale ya juu mingi sana. Ile roho nyekundu sikuifinya. Mudogo yangu aliingia mu nyumba na kufunga mulango.

Mbele ziwa haijafunguliwa, boti ya batu ikamuleta Mamba. Nilikuwa ku mucanga. Alishuka amevaa koti ya kanisa, kofia mu mukono, akapiga goti. "Mama, pole sana."

Bavuvi baliacha kutengeneza nyavu, bakatuangalia. Nilitaka kumutukana. Unamutukana namna gani mutu amepiga goti? Tukapanda naye ku nyumba, anatembea nyuma yangu sawa mukwe mupya. Ku mulango akasema tena, "Pole, mudogo, kwa—"

Mulango ukafunguka na nguvu.

"Pole ya nani?" Mudogo yangu, ambaye sauti yake tulikuwa tumeisahau. "Mamba gani anaomba pardon? Balikung'oa meno mu telefone? Ona miguu yake! Koti ya kanisa, na matako ya mujusi! Bwana yangu angekuona angekufa tena kwa kucheka! Rudi kwenu ukalelewe na kuku, maana kuku ndiyo unawajua!"

Yule mutu akatupa kofia chini. "Nani anasema? Mboga? Mboga inasema!" Akacheka mpaka machozi, akatoa kisu, akamukamata mukono na nguvu sawa mwizi, akakata kamba. Halafu bila kuuliza akaingia jikoni na kutoka na kuku yangu.

Ziwa ilipofunguliwa, mudogo yangu alikuwa wa kwanza ku mucanga, beseni ku kichwa.

Mimi niliita batu ya nyumba yangu yote, na mukamwana, nikabaamuru: "Hapa kwangu, Mamba akifika, hakuna pole, hakuna pardon, hakuna kufinya roho nyekundu. Mumutukane. Mumupe maji. Akimaliza kunywa, mumutukane tena. Na kuku mufiche."