Nyuzi za Pumba za Ikwiriri

Mpaka leo nikifumba macho naziona nyuzi zile. Nyembamba mno, jicho tupu halizioni. Kwenye skrini ya hadubini zililalia upande mmoja kama mpunga wa bondeni upepo ukipita, nami nilikaa mbele yake nikasahau kula. Zilitoka kwenye pumba za mpunga wa kwetu Ikwiriri, alizokusanya mama nyuma ya mashine ya kukoboa, akanitumia gunia zima chuoni. Nilizichoma tanurini bila hewa, silika, yaani madini kama ya mchanga, na kaboni zilizomo zikaungana, zikaota nyuzi zisizoogopa moto. Ukizipinda hazikatiki.

Ila gunia lile lilikuja na udongo mwekundu, na wenzangu wa maabara walicheka. Wakaniuliza kama kwetu tunasoma kemia au tunafinyanga vyungu. Nikaona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali. Nikampigia mama simu, nikamwambia gunia la pili alisafishe, asinitie aibu chuo kikuu.

Akalisafisha kweli. Pumba zikaja hazina hata chembe ya mchanga, zinanukia jua. Nikazitia tanurini kwa raha zangu. Hapakuota kitu, makaa matupu. Nikarudia, yale yale. Mwalimu wangu akasema gunia la tatu lisipoota nitafute mada nyingine. Miaka miwili ya shahada yangu ingekwenda na maji.

Nilipokwama kabisa ndipo nikaupima udongo uliobaki ndani ya gunia la kwanza. Chuma tele! Kumbe kila uzi ulichipuka kwenye kitone cha chuma kilichoyeyuka, na mimi nimeagiza chuma chote kioshwe.

Nikapanda basi kwenda nyumbani. Nilimkuta mama uani, ameinamia beseni, anaosha gunia la tatu, na hayo yalikuwa maji ya tano. Nikamwomba aache. Nikamweleza yote, hata kicheko cha wenzangu. Alinisikiliza, mikono ingali majini.

"Kwa hiyo hazikuwa chafu," akasema.

"Hazikuwa chafu, mama. Mimi ndiye niliyekuonea haya."

Akaitoa mikono. Pumba zilikuwa zimemchubua vidole vyote, vingine vinavuja damu.

"Basi nyingine kazoe mwenyewe, mwanangu," akasema. "Mimi hata kijiko sasa sikishiki."

Nikaenda nyuma ya mashine, nikazoa pamoja na udongo wake. Nyuzi ziliota, shahada nikaipata. Vidole vya mama vilichukua mwezi mzima kupona.