Nilivyomficha daktari kwamba kaka ametoka Congo

Kamwene wakuu.

Mimi ni mkulima wa viazi kijiji cha Yakobi, huku juu kwenye baridi, shule niliishia la saba. Haya nayatoa kwenye daftari ninaloandikia mambo ya kila siku. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Kaka yangu Festo ni dereva wa lori, anaishi Makambako na mkewe. Mwezi wa kumi na moja alirudi kutoka mashariki mwa Congo, akaja kwangu na mkewe, akiwa anatetemeka.

Nikamtania: "Mzaliwa wa Yakobi unatetemeka mwezi huu? Julai utafanyaje?"

Akasema: "Cheka tu, mdogo wangu. Nipe blanketi."

Tukampa mawili. Huku kwetu mtu akitetemeka tunafikiria baridi, au kichomi. Mbu wenyewe hatuwajui sana.

Alitusimulia kidogo kidogo. Mapigano yalifunga njia, wakalala siku nyingi chini ya malori, bila neti. Zahanati ya pale ilikuwa tupu, wahudumu walishakimbia.

Wenye silaha waliokuwa kwenye kizuizi (upande gani sijui, naye hakuuliza) hawakutaka hela. Walimwuliza: "Dawa unayo?" Nao walikuwa wanatetemeka, mmoja amekaa chini, bunduki mapajani, hawezi hata kuinua gogo la kizuizi magari yapite. Festo alikuwa na dozi mbili za dawa mseto, zile za malaria. Wakachukua moja.

Homa ilipomshika, ile iliyobaki aliinywa siku moja tu. Vidonge vingine akampa mama mmoja mkimbizi, mtoto wake alikuwa anachemka mgongoni.

Mnaweza kusema alikosea. Mimi sijui. Sikuwepo.

Kosa ninalolijua ni la kwangu.

Kabla ya kwenda hospitali nilimwambia shemeji: "Tukitaja Congo watasema Ebola. Watamtenga, na sisi watatufungia." Mbegu zangu zilikuwa zimeshachipua, zinasubiri shamba. Nafikiri niliwaza mbegu kuliko kaka. Daftari halisemi hivyo, ila nafikiri.

Daktari akauliza: "Mgonjwa ametoka wapi?"

Nikawahi: "Mbeya mjini, dokta."

Shemeji aliniangalia, akageuka kumfunika Festo vizuri.

Alipimwa kifua, akaanzishiwa sindano za kichomi. Simlaumu daktari. Alitibu mtu wa Mbeya niliyemletea.

Siku ya pili, au ya tatu, hapa mwandiko wangu hausomeki, Festo akaanza kuongea ovyo. Mkojo wake kama chai ya rangi. Aliniita kwa jina la marehemu baba.

Shemeji akasimama mbele ya daktari: "Dokta, shemeji yangu alikudanganya. Mume wangu ametoka Congo. Ana wiki moja tu hapa."

Daktari hakufoka. Alinitazama, akasema, "Mngeniambia juzi."

Wakampima malaria, ipo, tena imepanda kichwani. Wakabadilisha sindano, wakamwekea drip. Walimtenga kweli, chumba chake peke yake, mpaka majibu ya Ebola yalipotoka safi. Sisi tulipewa barakoa tu. Hakuna aliyefungiwa.

Festo alipona. Bado anachoka haraka, lori hajapanda.

Funzo langu ni dogo: mgonjwa akiulizwa ametoka wapi, semeni, hata kama pana vita, hata kama mnaogopa. Kule kaka alikosa wa kumtibu. Huku alikuwepo, nikamfumba macho.

Ila jambo moja halijaisha. Siku alipopata fahamu hakuuliza lori. Aliuliza kama vile vidonge vilimtosha yule mtoto. Kule njiani alimfunika pia mtoto huyo sweta lake la kijani, la kufumwa na shemeji, lina kiraka cheupe kiwikoni.

Madereva mnaopita njia hiyo, kama mmewahi kumwona mtoto mwenye sweta hilo, niandikieni hapa. Hata kama habari si nzuri. Kaka ananiuliza kila nikienda, na safari hii sitaki kumdanganya mtu.