Upande wa Mbele wa Chupa

Kazi yake ilikuwa kuangalia lebo. Usicheke. Kiwanda cha sosi na maharage ya kopo kilikuwa na watu wa kupika, wa kujaza na wa kuziba, na mwisho kabisa alisimama mama huyu kando ya mkanda, akihakikisha kila chupa inayopita imevaa lebo yake sawasawa: nyanya nyekundu katikati, na chini yake maneno makubwa ya kijani, HAINA MAFUTA. Lebo ikikaa upande, anaichomoa chupa na kuitia kwenye kreti. Ng'ambo ya mkanda alisimama mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Jirani. Huyo aliangalia mgongo wa chupa: lebo isikunjike, tarehe isomeke. Mmoja mbele, mmoja nyuma, miaka nenda miaka rudi. Walipiga soga za kila aina, ila hakuna aliyewahi kuona upande wa mwenzake.

Chupa zilizokataliwa hazikuuzwa. Zililowekwa, zikabanduliwa lebo, na kila Ijumaa wafanyakazi wakagawiwa. Kwa hiyo sosi, na makopo ya maharage vilevile, viliingia nyumbani kwa mama bila hata herufi moja.

Nyumbani palikuwa na mumewe, fundi wa cherehani ya kukanyaga, mtu mpole mwenye utani wa chini kwa chini. Alipopatikana na kisukari, mama alilivalia njuga suala hilo. Kopo la sukari lilitolewa nje siku hiyohiyo. Chai ikawa bila sukari, soda ikapigwa marufuku, keki isitajwe hata kwa jina. Chakula kikawa viazi vya kuchemsha na kabeji ya kuchemsha, na ili mzee aweze kukimeza, sosi. "Mwagia tu," alimwambia. "Hiyo ni nyanya tupu, wala haina mafuta." Mzee akamwagia. Asubuhi alikula maharage ya kopo yanayoogelea kwenye sosi ileile.

Kipimo cha sukari hakikushuka. Kila wakienda kliniki, muuguzi alimtazama mzee kwa juu ya miwani. "Baba, wewe unatuchezea."

"Haki ya Mungu, sili kitu," mzee aliapa.

Mama alitazama sakafu kwa aibu. Kuanzia hapo aligeuka askari. Alipekua mifuko ya suruali, alinusa vikombe, na wateja wa mumewe akawapasha bila kupepesa macho: "Atakayemnunulia mume wangu soda, nguo yake naiunguza kwa pasi." Wateja walicheka, kisha wakaanza kupungua.

Baadaye miguu ya mzee ikaanza kufa ganzi. Fundi wa kukanyaga huiona pedeli kwa nyayo, macho yake yako kwenye sindano. Huyu sasa alilazimika kuinama kila mara ahakikishe mguu wake unafanya kazi. Siku moja alishinda na pini imemzama unyayoni, akishona zake na kupiga mluzi, na jioni mkewe ndiye aliyeiona alipomvua soksi. Pini ikaleta kidonda, kidonda kikagoma kupona, na hospitali wakamkata vidole viwili.

Aliporudi nyumbani, mama alimkalia kooni. Binti yao alikuwepo, ameomba ruhusa kazini kuja kumuuguza. "Sema ukweli leo," mama akasema. "Sema mbele ya mtoto."

Mzee aliitazama bandeji yake kitambo kirefu. "Soda," akasema. "Moja moja. Kwa siri."

Binti alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakumpigia babake simu. Alimpigia mama tu na kuuliza, "Huyo mtu wako anaendeleaje?" Mama naye, kuna kitu ndani yake kilizimika. Hakuwa na hasira tena, wala huruma. Alipika, alifua, alisafisha kidonda, basi. Daktari alipomwambia kuwa kipimo kisiposhuka mguu mzima utaondoka, alisema asante, akauliza foleni ya dawa iko wapi.

Halafu Jirani akaenda likizo ya uzazi, na msimamizi akamhamishia mama ng'ambo ya pili. "Kazi ni ileile, mama. Umegeuka tu."

Chupa ya kwanza ikapita. Aliangalia kama lebo imekunjika; haikukunjika. Zikapita nyingine na nyingine, mpaka macho yakayazoea maandishi madogo ya vitu vilivyomo. Nyanya. Sukari. Siki. Chumvi. Sukari ilikuwa ya pili. Alidhani amekosea, akangoja chupa inayofuata, utadhani hiyo ingesema tofauti. Akaichomoa moja na kuishika mkononi.

"Imekunjika?" akauliza mwanamke wa vifuniko.

"Hapana. Kumbe hii ina sukari?"

"Weee! Umezeekea hapa na hujui? Huko jikoni wanamimina gunia kwa gunia. Kwenye maharage ndiyo usiseme." Akaangua kicheko, akaendelea na vifuniko vyake.

Mkanda haumsubiri mtu. Mama aliirudisha chupa na kusimama hapo hadi zamu ikaisha, na chupa zote zikapita zimempa mgongo, zote na neno lilelile. Alitaka kulia. Kilio hakikuja. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja rafuni na kuanza kumwaga sosi kwenye sinki, chupa baada ya chupa.

"Imechacha?" mzee akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Ina sukari. Imejaa sukari. Na maharage pia." Akamweleza yote akiwa amempa kisogo, kwa sauti ya mtu anayeeleza mahali sabuni ilipo.

Mzee alisimamisha pedeli. "Kumbe ni hiyo."

"Hiyo, na soda zako juu yake."

"Soda gani?"

Mama akageuka.

"Sikunywa soda, mama watoto. Hata moja."

"Ulikiri mwenyewe! Mbele ya mtoto!"

"Ulikuwa hulali. Unazunguka nyumba nzima unafunua vikombe. Nikaona ukipata wa kumlaumu, utapumzika." Akaivuta soksi yake vizuri. "Na kweli ulipumzika."

Ilikuwa kweli. Siku ile alilala fofofo.

Alichukua simu akampigia binti. "Huyo mtu wako anaendeleaje?" sauti ikauliza. Mzee akampungia mkono, akitikisa kichwa kwa nguvu: usiseme, achana nayo. Mama akasema.

"Baba yako hakunywa soda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha sukari, kila siku, kwa mkono wangu."

 Binti akasema kwa sauti iliyokatika: "Nipe baba."

Akampa mzee simu, akaingia jikoni kutazama viazi. Kutoka huko alimsikia mumewe akisema, "Basi mwanangu, usilie, nyamaza," huku yeye mwenyewe akilia waziwazi. "Mama? Yupo. Anapika." Mama alisimama mbele ya jiko akiwasikiliza wote wawili wakilia, akangoja zamu yake ya kulia. Kisha akachoma kiazi kwa uma, aone kama kimeiva.