Karatasi ya Kushindwa

Nimekuwa mwenyekiti wa baraza la kata kwa miaka mingi, na darasa la nne langu hili hili. Nilihukumu kesi za mashamba na watu wakatii, maana huku kwetu Mbozi najua kila mbuni ulipandwa na nani. Kisha sheria ikabadilishwa huko juu. Tukaambiwa tangu sasa ninyi mnapatanisha tu, hukumu ni ya baraza la wilaya.

Nilikasirika kama kuku aliyefukuzwa kwenye mayai yake. Kichwa ni kile kile. Jana kinahukumu, leo hakihukumu?

Nikampigia mjukuu wangu. Anasoma sheria chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, na nalitangaza hilo hata kanisani.

"Bibi, wapo wasomi wanaosema sheria haiwi sheria kwa kuwa ni nzuri. Ni sheria kwa kuwa imewekwa na mwenye mamlaka ya kuiweka. Ikiwa mbaya, sema ni mbaya. Ila usijifanye haipo."

"Hao wasomi wako hawajafiwa na waume," nikamjibu, nikakata simu.

Nilisema hivyo kwa sababu mjane mmoja alikuwa ametuletea shauri. Shemeji yake aliingia shambani kwake hata arobaini ya marehemu haijafika. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu, naye anaichuma mchana kweupe. Mama yule ana watoto wanne na shamba hilo tu.

Tulikaa kupatanisha mara tatu. Mara ya tatu shemeji alikuja na viatu vipya vya kutoka mjini Mlowo, akakaa amekunja nne, anachekacheka.

"Wazee wangu, acheni kunibembeleza. Mhuri mnao. Andikeni shamba ni la nani, tutawanyike."

"Tuandike!" mjumbe mwenzangu akaninong'oneza, mate yakinirukia sikioni. "Mashimo ya ile mibuni tuliwasaidia kuchimba, mama huyu na mumewe. Unaogopa nini?"

Mjane alikuwa ananitazama mkono. Na mkono, Mungu anisamehe, ulikwisha kuandika "Shamba ni la".

Nikainua macho. Shemeji alikuwa ameshusha mguu, ameinama mbele, anaisubiri kalamu yangu kama paka kwenye tundu la panya. Mtu anayejua atashindwa, anaikimbilia hukumu ya nini? Labda aichukue karatasi yetu isiyo na nguvu, aende ikachanwe wilayani, kesi ianze upya, naye achume msimu mwingine.

Nikakata yale maneno. Nikaandika: Tumeshindwa kuwapatanisha.

"Bibi," mjane akasema, "hata wewe?"

"Chukua, mama. Asubuhi panda gari uende wilayani. Bila hii hawakupokei."

Shemeji akasimama. "Mbona hamjahukumu? Mmeniogopa?"

"Kaa chini, baba, nikugongee mhuri kwenye nakala yako."

Hakukaa. Alitoka bila nakala, na kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka.

Kahawa ya msimu ule shemeji aliichuma yote. Mjane hakunisalimu, tukipishana njiani anatazama migomba. Sikumlaumu, mimi mwenyewe sheria ile nilikuwa naitukana kila nikienda kuchota maji. Siku wilaya ilipomrudishia shamba, alikuja kwangu, akasimama mlangoni na mkasi wa kupogolea mibuni.

"Bibi, uko na nafasi? Ameiacha imekuwa msitu."

Nikafunga kanga kiunoni, tukaenda.