Elin Kwenye Sinia Letu

Harufu ya iliki ndiyo iliyomleta Elin kwetu. Mama alikuwa akichoma mahamri uani, huko nyuma ya barabara ya Diani, majirani wapya kutoka Uswidi, waliokuja kwa likizo, waliposimama mlangoni. Mama yake Elin alieleza, kwa Kiswahili cha kujifunza, kwamba hata kwao iliki hutiwa kwenye vimkate vitamu, na kila siku watu huacha kazi wakakaa pamoja kuvinywea kahawa. Mama alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Mimi, mwanawe wa pekee, nilimtazama yule msichana wa rika langu akivua viatu bila kuambiwa. "Tazama adabu," mama akaninong'oneza. Kumbe Uswidi hakuna aingiaye nyumbani na viatu, ni desturi yao tu, lakini sifa zilikuwa zimeshatolewa.

Likizo ile yote Elin alishinda kwetu. Adhuhuri ikifika mama humwita kwenye sinia, na ule mnofu wa tumboni wa samaki, wenye mafuta, ambao siku zote ulikuwa wangu, humsogezea yeye. Elin alitusimulia ya kwao: pipi huliwa Jumamosi peke yake, watoto wachanga hulazwa nje kwenye baridi, wamefunikwa vizuri, wapate hewa safi, na majira ya joto jua huchelewa kutua hata watoto hulala kungali kweupe. Mama alimsikiliza ameshika shavu. Hadithi zangu za madrasa alizisikiliza huku akichagua mchele. Roho iliniuma.

Siku moja nilikwenda kucheza kwao. Jioni mama yake akamwita, naye Elin akaniambia kwa upole, "Ningoje hapa. Sisi tunakwenda kula." Nikabaki chumbani na midoli yake, nikisikia uma zikigonga sahani upande wa pili wa ukuta. Niliona uchungu, lakini niliporudi nyumbani nilimsimulia mama yote kwa furaha ya siri. Nilijua sasa atamchukia.

Mama alivaa buibui, akanishika mkono tukaenda. Mama yake Elin aliwiva uso kwa haya. Akaeleza kwamba kwao mtoto wa mwenzio ana chakula kinachomngoja kwa mamake, na kumlisha bila kuuliza ni kumharibia mwenye kupika. Mama akacheka. "Basi nisamehe mimi, maana wako nimemlisha likizo nzima."

Kesho yake Elin akapewa mnofu ule ule. Nilimwuliza mama kwa nini. "Wewe unaye mama yako kila siku," akasema. "Huyu atakwenda zake."

Akarudi kwao kweli, shule zilipofunguliwa. Leo naishi Ukunda, kwenye nyumba za kupanga, na kila mlango hujifungia na chungu chake. Hata mimi, akija mtoto wa jirani wakati wa kula, humpigia mamake simu kwanza. Nimekuwa Mswidi bila kupanda ndege. Mama angali Diani, na kila Idi Elin humpigia simu ya video. Idi iliyopita nilikuwapo. Mama alitengeneza ushungi wake, akamwita "mwanangu", akamwuliza kama amekula, kama baridi haimwumizi, akacheka mpaka akafuta machozi. Nilikuja na wanangu watatu, na mapema alikuwa ameniuliza habari za nyumbani tu. Nikakaa kando, mtu mzima mzima, nikiomba mtandao ukatike.