Siku Nilipomtangaza Mama Mdogo Redioni

Mpaka leo siwezi kupita mbele ya duka la Mama mdogo bila kuinamisha kichwa, na duka lenyewe liko njiani kwangu kwenda kazini, kwa hiyo hebu fikirieni shingo yangu ina hali gani. Wengi wenu hapa Tukuyu mnaijua habari hii nusu, maana mliisikia kwenye redio mkichuma chai au mkisubiri wateja sokoni, na mlicheka. Nusu iliyobaki ninayo mimi, na haichekeshi sana.

Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya hapa mjini. Kipindi changu ni cha asubuhi, kinaanza na salamu (mnazijua: mtu anapiga simu, anataja jina na mahali alipo, anasalimia watu wake weee, anamalizia na ujumbe), halafu saa tatu tunaingia kwenye mada na mgeni wa siku. Jumanne hiyo mgeni alikuwa bwana shamba, aje atueleze ugonjwa wa maparachichi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake, na saa tatu kasoro dakika tano akapiga kuniambia kwamba pikipiki imenasa kwenye tope huko Suma na yeye mwenyewe yumo kwenye tope hilo hilo. Nikabaki na saa nzima tupu.

Nikafungua simu kutafuta chochote. Ukurasa mmoja wa udaku ulikuwa umeandika kuhusu msanii wa nje aliyesema yeye ni asexual, na chini wakauliza kwa herufi kubwa: ni ugonjwa au ni laana? Sikusoma zaidi ya hapo (nilisoma maoni ya watu, kusema kweli, na yalikuwa mabaya kuliko habari yenyewe), nikajiambia mada ndiyo hii, nitajaza dakika kumi kisha niweke muziki.

Sasa nikiri kilicho kibaya zaidi. Neno lile sikukutana nalo siku hiyo. Nilikuwa nimelisikia wiki mbili nyuma, Jumapili mchana, jikoni kwa Mama mdogo Subilaga, ambaye amenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la nne. Ni fundi cherehani pale Ibighi, ana miaka arobaini na sita, hajaolewa, na kila sikukuu ya ukoo lazima apatikane mtu wa kumwombea mume. Siku hiyo tulikuwa tunamenya ndizi, akasema bila kuniangalia, "Atu, mimi sijawahi kumtamani mtu. Si mwanamume, si mwanamke. Nilidhani itakuja tu yenyewe, kama mvi. Nimesoma kwenye simu kwamba tuko wengi, na tuna jina, asexual."

Nikamuuliza kama inamsikitisha.

"Kinachonisikitisha ni mkianza kuniombea," akasema, na akacheka, na nakumbuka alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Hicho ndicho nilichokwenda kukimwaga hewani.

Maana dakika kumi ziliisha nikiwa bado sijui ninaongea nini. Nilisema ni watu wasio na hisia. Nikasema ni kama masista, ila bila kanisa. Nikasema wengine ni hasira tu za kuumizwa na wanaume, na nilipoishiwa kabisa nikakumbuka neno hilo hilo lilivyotumika kwenye biolojia ya kidato cha pili, nikaanza kuwaeleza wakulima wa ndizi wa wilaya nzima jinsi mgomba unavyotoa machipukizi bila kuhitaji dume. Simu za wasikilizaji zikaanza kulia. Hapo ndipo kichwa kilipovimba, nikaona niongeze chumvi, nikasema, "Na msifikiri ni mambo ya Ulaya, hata hapa mjini kwetu yupo fundi cherehani ninayemfahamu vizuri, amepita arobaini, hajawahi kumtamani mtu." Jina sikutaja. Nilijiona nimetenda haki kabisa. (Mafundi cherehani wanawake waliopita arobaini na hawajaolewa katika mji wetu ni mmoja. Kulikuwa na wa pili, akaolewa mwaka juzi.)

Akapiga bwana mmoja wa Kiwira anayeuza mizizi na kujiita daktari, nikamkaribisha hewani kama mtaalamu, akasema huo ni ubaridi wa figo, unatibika kwa mzizi uliochemshwa na maziwa. Mzee mmoja akashauri nyota isafishwe. Mwingine akasema yeye ni mjane, yuko tayari kujaribu bahati. Nilicheka nao wote, na nilicheka vizuri, kicheko changu cha kazini.

Jioni yake nilipita Ibighi kuchukua gauni langu alilokuwa ananishonea, nikakuta pazia la duka limefungwa na jirani yake akanieleza kila kitu. Akina mama wanne wa kwaya walikuja na chupa ya maziwa ya mizizi, wakamwekea mikono kichwani na mteja akiwa amekaa pale pale. Baada yao akaja mwanamume aliyesema anataka kupimwa suruali. Nikagonga. Sauti ikatoka ndani, "Niko na kazi, mwanangu." Nikaondoka.

Kesho yake, kwenye salamu, simu ya tatu ilipoingia nilisikia cherehani kabla ya kusikia mtu.

"Habari za asubuhi, mtangazaji. Naitwa Subilaga, niko dukani kwangu Ibighi. Salamu zangu ziende kwa akina mama wa kwaya waliokuja jana, chupa yenu ninayo, mje muichukue. Ziende kwa bwana aliyekuja kupimwa suruali akaishia kunichumbia, kitambaa chako sijakikata. Ziende kwa daktari wa Kiwira, figo zangu hazina baridi. Na ziende kwa yule fundi aliyetangazwa hapa jana, ambaye ni mimi."

Nilishika meza. Ambakisye, fundi mitambo wetu, alikuwa amesimama nyuma ya kioo mdomo wazi.

"Ujumbe wangu ni huu. Mimi siumwi, sijarogwa na sikuumizwa na mtu. Masista wameweka nadhiri, mimi sijaweka nadhiri yoyote. Wanaume siwachukii, nawashonea. Kuhusu hisia, harusini nalia kuliko mama wa bibi harusi, waliowahi kukaa na mimi ni mashahidi. Ila kumtamani mtu kwa namna mnayoizungumza hakujawahi kunijia, na sioni nimepungukiwa nini. Jambo hilo nilimwambia mtu mmoja tu tangu nizaliwe." Cherehani ikanyamaza. "Mtu huyo hakuniuliza kama ninataka kusikiwa na wilaya."

Nilitaka kusema samahani. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, na mtangazaji asiyetoa sauti ana sekunde chache tu kabla watu hawajadhani umeme umekatika, nikabonyeza kitufe cha kwanza kilichokuwa mbele yangu. Likaanza tangazo la mbolea, lile linaloanza na jogoo kuwika. Wilaya nzima ilimsikia Mama mdogo akinilalamikia, kisha ikasikia jogoo.

Mitaani wakaanza kuniita Mtaalamu. Wauza ndizi waliniuliza machipukizi yangu yanaendeleaje, na nilistahili. Lakini bosi wangu alikuwa anang'aa, akasema simu hazijawahi kupigwa namna hiyo, mlete huyo mama studio, daktari wa Kiwira akae upande wa pili, wabishane. Nikakataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Nikaomba nafasi ya kusahihisha, nikapewa dakika moja, kabla ya matangazo ya vifo. Nikasoma niliyoyaandika kwa mkono, kwamba nilichosema kilikuwa uongo, na ukweli aliusema mwenyewe. Hakupiga simu mtu hata mmoja. Uongo nilikuwa nimeupa saa nzima.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinifungulia, akanipa stuli, akaendelea kushona. Nililia, sitawaficha. Aliniacha nimalize.

"Nilipokuambia ulikuwa jikoni kwangu," akasema. "Ungeyaacha pale jikoni."

"Samahani, Mama mdogo."

"Au ungeniuliza. Pengine ningekuja mwenyewe, nikaongea vizuri, mtu mwingine kama mimi akasikia." Akakata uzi kwa meno. "Sasa huyo mtu amesikia kwamba ukisema, unaletewa mizizi."

Hilo la mwisho ndilo ninalolala nalo. Nilikuwa najiona nimemkosea mtu mmoja.

Siku hizi sisemi habari ya mtu hewani kabla sijampigia mwenyewe nikamsomea nitakachosema, hata kama ni habari ya ng'ombe wake kupotea, na wenzangu wananicheka kwamba ninachelewesha kazi. Waache wacheke. Neno nisilolijua silitamki mpaka nimpate anayeliishi, na akikataa kuongea, naweka muziki.

Wiki iliyopita Mama mdogo alipiga tena kwenye salamu. Ni wa siku nyingi kwenye kipindi changu, na zamani alikuwa na desturi yake, kabla ya kumsalimia yeyote alikuwa akisema, "Kwanza nakusalimu wewe, mwanangu." Safari hii akawasalimu akina mama wa kwaya (chupa walishaifuata), akawasalimu wateja wake, majirani, Ambakisye fundi mitambo, na wote wanaomsikiliza. Nikasubiri. Nikamuuliza, "Na ujumbe, Mama mdogo?"

"Leo sina ujumbe," akasema. "Gauni lako liko tayari."

Akakata simu. Sijaenda kulichukua. Nasubiri siku atakayoanza na mimi.